Jumapili Tata Aliyokataa Kulima

Enzi zetu kule kijijini Izimbya, Jumapili ilianza Jumamosi. Tukitoka kucheza rede tunatumwa kukata nyasi, tunazitandaza sebuleni mbichi, nyumba nzima inanukia. Watoto wa siku hizi ukiwaambia tulikalia nyasi wanakuuliza kama tulikuwa mbuzi.

Basi mwaka mmoja wa ujamaa, mvua zilichelewa, balozi wetu wa nyumba kumi akatangaza kwamba Jumapili watu wote shamba la kijiji. Asiyefika atalala mahabusu. Mama akaacha kumenya ndizi. "Baba Koku, watakufunga, waitu jamani, hawa watoto nitawaweka wapi?"

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, akasema, "Balozi namheshimu. Mungu namwogopa. Kulima nitalima, lakini siyo Jumapili."

Tukaenda misa. Tumerudi, ndizi na maharage ziko kwenye jani, mvuke unapanda, tukasikia hodi. Balozi na mgambo wawili. Mimi nilijificha nyuma ya kanga ya mama, nalia kimyakimya. Tata alikuwa ameshaanza sala ya chakula. Jamani, hakuiharakisha! Akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akamwombea na balozi mwenyewe kwa jina. Balozi akavua kofia. Mgambo mmoja akaitikia amina kwa sauti kutuzidi sisi.

"Karibuni mnawe," Tata akasema.

"Petro, hatukuja kula."

"Basi kesho mnikute shambani. Mistari yangu yote niliyopangiwa nitaimaliza. Isipoisha, nifungeni."

Wakaondoka. Mama hakula. Tata akala, akaomba na ukoko.

Kesho yake alfajiri akachukua jembe. Alipofika, akamkuta jirani yetu Mzee Sudi ameshaanza kulima mistari ile ile. Hakuna aliyemwita. Ila kila Ijumaa Mzee Sudi akienda msikitini, Tata ndiye aliyemlimia sehemu yake, na hawakuwahi kulizungumza. Kabla ya saa sita wamemaliza. Balozi akaja, akapita huku na huku akitafuta kasoro, akachoka. "Haya, Petro. Jumapili ijayo nisikuone huku!" Wakacheka wote watatu.

Siku hizi kwangu kuna mlango wa chuma na kufuli mbili. Tukisali mezani, wanangu jicho moja limefumba, jingine liko kwenye simu. Mkubwa wangu yuko dukani kwa mtu Bukoba mjini, misa hajaiona tangu Pasaka. Nikimuuliza anasema, "Mama, nyie mlikuwa na balozi, sisi tuna bosi. Bosi havui kofia kwa sala ya mtu."

Huwa nacheka. Simlaumu, kazi ni ngumu. Lakini ananiambia usingizi haupati, anawaza kama kesho atakuwa na kazi. Na mimi Jumapili ile, mtoto wa miaka minane, mgambo wametoka mlangoni kwetu mchana huo huo, nililala mapema, wala sikuuliza kama asubuhi Tata angekuwepo.