Madume ya Tumbo Moja

"Pamba ikianza kuvunwa, panya wangu watakuwa wengi kuliko wapiga kura wa mtaa huu!"

Maneno hayo Mektilda aliyasema mwenyewe, amesimama, kwenye mkutano wa mtaa pale Somanda, mwezi wa pili, mbele ya mwenyekiti na mbele ya kinamama wa kikoba waliovaa sare alizowashonea yeye. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa Bariadi wamezoea kusikia mtu akijisifu kwa ng'ombe, kwa magunia ya mpunga, wengine hata kwa idadi ya wake. Lakini kwa panya? Mzee mmoja alivua kofia ili asikie vizuri.

Aliyepeleka malalamiko alikuwa Hemed, mwenye mashine ya kusaga.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi kila mwezi nanunua sumu ya kuua panya. Jirani yangu huyu anawatafutia panya chakula. Hapa mmoja wetu ni mwendawazimu, na mimi nimeshajichunguza."

Watu walicheka, na Mektilda akacheka nao, maana utani haumkati mtu aliyezoea kuutoa. Alikuwa fundi cherehani mwenye miaka thelathini na minne, na mdomo wake ulikuwa na makali kuliko mkasi wake. Kiangazi kikiingia na watu wakishauza pamba, aliifunika cherehani kwa khanga akaenda kucheza Bayeye, ngoma ya Wasukuma wanaocheza na nyoka. Ngoma aliirithi kwa baba yake, marehemu Mashimba, na chatu naye alitoka kwenye urithi huohuo. Chatu aliitwa Bi Harusi, kwa sababu uwanjani huletwa amebebwa, macho yote yanakuwa kwake, na hacheki hata umtekenye. Alikaa nyuma ya nyumba, ndani ya kasha la mbao lenye kufuli, na kibali chake cha maliasili kilipigwa laminesheni kikapigiliwa juu ya kasha kama leseni ya baa.

Miaka yote hiyo Bi Harusi alikula panya walionaswa kwenye mitego ya Hemed. Mwaka jana Hemed akahamia kwenye sumu. Siku moja Mektilda alileta kutoka kwa Hemed panya aliyekuwa akitembea kama mlevi anayetoka kilabuni. Akamtilia shaka, akamtupa uani. Paka wa jirani akamwokota. Asubuhi paka alikuwa amekauka kama soli. Mektilda alishika mdomo, akawaza: kumbe jana nusura nimlishe chatu sumu, nimzike baba mara ya pili.

Kuku je? Jogoo wa kienyeji ni wa mgeni. Ukimpa nyoka kuku huku mama mkwe anakula dagaa, utakuwa na maelezo marefu. Ndiyo maana akaamua kufuga panya wake mwenyewe, na ndiyo maana siku ile ya mkutano alijisifu kwa sauti.

Kilichomnyamazisha ni sauti ya mwanamke, kutoka nyuma kabisa:

"Panya watazaa, sawa. Na wewe je?"

Mkutano mzima ulicheka kile kicheko cha kuziba mdomo kwa upande wa khanga. Mektilda, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu aote meno, alikaa chini. Akaikalia mikono yake.

Miaka kumi na moja ya ndoa na Anatoli, hakuna mtoto. Sababu ilijulikana mtaa mzima, hakuna aliyehitaji daktari: ni nyoka. Mama mkwe wake, ambaye wote nyumbani walimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikuwa ameshalisema bila kupepesa: "Tumbo halikai na wageni wawili. Huyo nyoka kawahi kuingia." Akatoa na tarehe. Mashindano ya ngoma ya Lagangabilili, mwezi wa saba, yatakuwa ya mwisho. Baada ya hapo nyoka aondoke, au aondoke mwenye nyoka. Msichana wa Nyashimo alikuwa ameshaonekana, na picha yake ilikuwa ndani ya simu ya mayu.

Kwa hiyo kuanzia siku ya mkutano, panya hawakuwa tena chakula cha chatu peke yake. Kila jike litakalozaa lingekuwa limeijibu ile sauti ya nyuma.

Januarius, mtoto wa shangazi yake aliyesoma diploma ya maabara Mwanza mpaka ada ilipogoma, alimletea panya weupe wanane kwenye kreti la mikate: majike sita, madume mawili.

"Dada, hawa ni wasomi," alisema. "Usiwapigie kelele."

Kumbe majike yalikuja na mimba. Hazikupita wiki tatu, la kwanza likatoa kumi na moja, la pili tisa, na mengine yakafuata. Mektilda alihesabu arobaini na saba, wekundu kama vidole vya mtoto mchanga. Alimwita mayu aje aone.

"Mayu, kwangu kumbe wanazaa!"

Mayu alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili, akasema "Yesu na Maria," akaenda kunawa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

Sasa, chakula. Mektilda hakumuuliza mtu. Msukuma kuuliza namna ya kulisha mnyama ni kama samaki kuulizia njia ya kwenda majini. Baba yake alikuwa na ng'ombe mia na ishirini, na siri ya kung'aa kwao ilikuwa moja tu: mashudu ya pamba, yale makapi yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta. Na mashudu yalikuwa yanakuja yenyewe nyumbani. Anatoli alikuwa kibarua wa kudumu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta mjini. Kila jioni baiskeli yake ilirudi na mfuko wa mashudu nyuma, na mbele, kwenye usukani, chupa ya mafuta mabichi ya pamba, ya chini ya pipa, ambayo wafanyakazi walijichotea bure. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Anatoli aliyamwagia ugali, aliyamwagia mlenda, aliyamwagia hata viazi. Mektilda hakuiweza harufu yake. Chakula chake yeye na mayu alikipika kwa mafuta ya alizeti. Anatoli akawacheka. "Mafuta yaliyosafishwa ni maji yaliyosoma," alikuwa akisema.

Basi panya wakala mashudu asubuhi, wakala mashudu jioni. Watoto wale arobaini na saba wakakua, madume yakapevuka, majike yakapevuka. Mwezi wa nne ukaisha. Hakuna kitu. Madume yalipanda, yakashuka, yakakaa pembeni kunawa uso kama watu waliomaliza kazi. Lakini kazi haikuonekana. Mwezi wa tano, hakuna kitu. Mektilda akabadilisha mabanda. Akachanganya majike ya huku na madume ya kule. Akaweka matambara laini chini, akasogeza redio mbali. Hakuna jike lililonona tumbo. Na Bi Harusi naye hajui habari za uchumi: kila baada ya siku kumi alitaka watatu. Arobaini na saba wakawa thelathini, wakawa kumi na tisa.

Hemed alikuwa akipita na kusimama makusudi.

"Ng'wana Mashimba! Naona wapiga kura wanapungua. Wamehama jimbo?"

"Wamekwenda kukuchagua wewe uwe balozi wa vichaa," alijibu. Lakini jibu lilitoka bila chumvi, na Hemed mwenyewe aliligundua, akaondoka bila kucheka.

Mayu ndiye aliyempiga pigo la kweli, tena bila kupandisha sauti. Asubuhi moja alimkuta mkwewe ameinama juu ya banda, anayapapasa majike matumbo moja moja.

"Hata panya," alisema.

Basi. Akaondoka na ndoo yake.

Mektilda alibaki pale ameshika panya hewani. Hata panya. Kiumbe ambacho dunia nzima inakinunulia sumu kwa sababu ya kuzaa, kikifika kwake kinafunga. Alimrudisha panya polepole, akaitazama mikono yake mbele na nyuma kama kitambaa kilichokatwa vibaya. Miaka kumi na moja alikuwa amekataa maneno ya watu. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyaamini.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, saa saba mchana, Judica akabisha hodi. Judica alikuwa afisa mifugo wa kata, mtu wa Same, aliyeletwa Bariadi na barua ya uhamisho akaendelea kukaa kwa sababu ya wali. Siku hiyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuandikisha mbwa wa kuchanjwa.

"Mwadila," alisalimia, salamu ya mchana aliyojifunza mwaka huohuo.

"Mwadila," waliitikia wote. Anatoli alikuwa amerudi kula. Alikaa mkekani na ugali wake na chupa yake. Mayu alikuwa akibangua karanga.

"Mbwa hatuna, dada," Mektilda alisema. "Tuna panya wagumba. Hao mnachanja?"

Judica akacheka, akaenda kuchungulia banda. Aliinama, akachota kilichokuwa kwenye sahani, akakinusa. Kicheko kikakatika kama umeme.

"Dada Mektilda. Haya ni mashudu ya pamba?"

"Mazuri kabisa. Ya jana."

"Ndiyo wanayokula?"

"Tangu wazaliwe. Kwani?"

Judica alishika kichwa kwa mikono miwili, karatasi za mbwa zikadondoka.

"Mama yangu! Hukufuga panya, umefuga seminari! Hayo madume yote umeyafanya mapadri!"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeelewa. Judica akachuchumaa, akaeleza kwa utaratibu. Mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili, inaitwa gosipoli, mmea unajikinga nayo na wadudu. Ng'ombe aliyekomaa anaiweza kwa kiasi, kwa sababu ana tumbo la vyumba vinne na sumu nyingi inaishia humo. Panya ana tumbo moja. Dume la tumbo moja likilishwa mbegu hiyo mfululizo, kwanza nguvu zake za uzazi hupungua, halafu linabaki dume la kutazama tu.

"Kwa hiyo si mimi?" Mektilda aliuliza.

"Wewe? Wewe umefanyaje? Majike yako yape mahindi ya kuparaza na dagaa, tafuta dume jipya, uone kama utapata pa kulala."

Mektilda aliegemea banda. Kisha swali likamjia, si kutoka kichwani, lilitoka huko chini alikokuwa amelificha miaka kumi na moja. Aliliuliza bila kumtazama mtu.

"Na binadamu, dada. Ana matumbo mangapi?"

"Moja," Judica alisema, akicheka kidogo. "Kwani nani mwingine hapa anakula mashudu?"

Ukasikika mlio: glu, glu, glu. Anatoli alikuwa akimwagia ugali mafuta.

Judica aligeuka. Aliiona chupa, akauona weusi wake.

"Shemeji," alisema taratibu, "hayo mafuta yamesafishwa?"

"Ya nini kusafisha? Haya yana nguvu zake. Ya pamba halisi."

"Umeyala muda gani?"

"Tangu nianze kazi pale. Mwaka wa kumi na mbili huu." Alitabasamu kama mtu anayetaja utumishi wake. Halafu akaziona nyuso. Tabasamu likabaki limening'inia, halina wa kulishusha.

Ungo wa mayu ulipinduka. Karanga zilibingirika mpaka mlangoni, na hakuna aliyeinama kuziokota.

"Mimi ni wa ng'ombe," Judica alisema haraka. "Juu ya mtu siwezi kusema kitu. Inaweza ikawa, inaweza isiwe. Kuna kipimo. Mkapime."

"Kipimo cha nani?" Anatoli aliuliza.

Mektilda alikuwa na majibu kumi ya swali hilo, na yote yalikuwa na meno. Alikuwa na jibu la ile sauti ya mkutanoni, na la Hemed, na la picha iliyo ndani ya simu. Hakutoa hata moja. Alikwenda mkekani, akaichukua chupa mkononi mwa mumewe, akaifunga kifuniko.

"Mwanaume hapimwi," Anatoli alisema, lakini alikiambia chakula.

"Kasema nani?" Ilikuwa sauti ya mayu. Alikuwa amesimama, uso umemparara, kidole kimemwelekea mwanawe. "Miaka kumi na moja nimemsema mtoto wa watu. Kanisani nimemsema. Msibani nimemsema. Simama, Anatoli! Vaa viatu!"

Anatoli akasimama. Mtu mwenye miaka arobaini alikwenda kutafuta soksi.

Mayu alitoka nje. Zikasikika mbio, mbawa, na kelele. Akarudi na mtetea wake mwenyewe, yule mwekundu aliyekuwa akimficha wageni wakija, akamsukumia Mektilda kifuani.

"Mpe huyo."

"Nani, mayu?"

"Huyo. Bi Harusi." Lilikuwa jina ambalo hajawahi kulitamka. "Lagangabilili asiende na njaa."

Saa tisa kasoro, Anatoli na Mektilda walisimama dirishani kwenye maabara ya mtu binafsi. Msichana wa mapokezi, kitambulisho chake kikisema Joyness, aliuliza kipimo gani. Anatoli alinong'ona.

"Sema kwa sauti, kaka. Feni inapiga kelele."

Anatoli alitazama nyuma, kwenye benchi lililojaa watu. Mektilda alikuwa pale, amesimama karibu, mikono yake imetulia. Akageuka, akakisema kwa sauti.

Msichana aliipitisha kalamu kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, mpaka chini.

Kipimo cha mbegu za kiume, shilingi elfu ishirini.