Sare Niliyoisaini kwa Hasira

Nafasi ya mwisho katika timu ya chesi ya mkoa ilibaki kati ya watu wawili: mimi, na mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu Kongwa. Yeye alinizidi nusu pointi, hivyo sare ilimtosha. Mimi nilihitaji ushindi.

Tulikutana katika ukumbi wa shule moja ya Ipagala, dakika kumi na tano kwa kila mchezaji.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuonei huruma."

Nilifungua kwa gambiti ya mfalme: katika hatua ya pili nilimtoa askari mmoja, ili vikosi vyangu vipate njia ya kumshambulia mapema.

"Huko chuoni mnagawa askari bure?" aliuliza, akamla. Watazamaji wakacheka.

Hata hivyo, askari yule alimgharimu muda. Kila hatua aliitafakari mno, na hatimaye kibendera cha saa yake, saa ya mshale ya zamani, kikaanguka: muda wake ulikwisha. Hakukiona. Alisogeza farasi, akabonyeza saa, zamu ikawa yangu. Kwa kanuni zetu mwamuzi hatangazi; mchezaji mwenyewe ndiye anayedai ushindi. Nilichotakiwa ni kumwambia mzee yule kwamba muda wake umekwisha.

Sikumwambia. Mimi niliyesimama kwenye mdahalo wa chuo nikatetea kwamba heshima kwa wakubwa isigeuke kisingizio cha kunyamaza, nikapigiwa makofi! Sasa nilikohoa. Niliikodolea saa macho ili naye aitazame. Aliutazama ubao tu, na dakika yangu ya mwisho ilikuwa ikienda.

"Mwalimu..." nilianza.

"Cheza, mwanangu. Porojo baadaye."

Kibendera changu nacho kikaanguka. Mwamuzi akasogea, akaviona vyote viwili viko chini. "Vyote vimeanguka bila dai: sare," akasema.

Mwalimu akashtuka. "Changu kilianguka lini?"

"Kabla ya changu."

"Ukakiona?"

"Nilikiona. Niliona aibu kukwambia."

"Aibu ya nini? Mezani hapa mimi ni mpinzani wako!"

Alimgeukia mwamuzi, akamwomba anipe ushindi. Mwamuzi alikataa: dai lilipaswa kutoka kinywani mwangu, muda wangu ungali unakwenda. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwa kuwa sikubaki na mtu wa kumlaumu. Nilisaini karatasi ya matokeo kwa nguvu hata kalamu ikaitoboa.