Daftari ya Mukabera

Mi nasafishaka ofisi moja hapa Gisenyi, Rwanda, ya watu wa kupitisha mizigo kwenye forodha. Miaka kumi na mbili nadeki pale, na sijaona kitu ya kunichefua kama ile walifanyia Mukabera.

Mukabera alizaliwa Goma, wazazi wakarudi naye hapa akiwa musichana. Alisoma comptabilité, kazi ya mahesabu, kwa Kifaransa, akapata diplome, akafikiri maisha imenyooka. Bon. Akiwa bado anatafuta kazi, nchi ikageukia Kiingereza. Akaanza chini kabisa mu ofisi yetu, kubeba makaratasi ya watu mupaka barrière, kizuizi cha pale mpakani. Kisha kila kitu ikaingia mu ordinateur, hizi kompyuta, akajifunza. Kisha wakasema wanataka wenye digrii. Kila akifika mulangoni, anakuta wamebadilisha kufuli.

Lakini kazi aliijua. Mama wa kule Busasamana na vitunguu yake, camion, ile lori ya simenti ya kwenda Congo, Mukabera ndiye alijua karatasi gani inatangulia. Yote aliiandika mu daftari ya bluu, kwa Kifaransa: kosa gani inakwamisha camion, na namna ya kuitoa.

Patron wetu, Habimana, alimuahidi kwamba chef, mukubwa wa ofisi, akistaafu, nafasi ni yake. Miaka tano alingojea hiyo nafasi. Ndipo akaletwa Jack, bwana mumoja wa familia iliyorudi toka Uganda. Kiingereza alikuwa nayo, kazi hapana.

"Mama Akaliza," Habimana akamwambia Mukabera, maana kwa jina la binti yake ndivyo tunamwitaka, "umufundishe huyu."

Akamufundisha miezi tatu. Akamuazima na daftari. Nilimwambia asimupe, akanijibu, "Xavérine, wewe nawe. Akili ya mutu haiibiwi."

Haiibiwi! Jack akaandika daftari nzima upya kwa Kiingereza, akamupelekea patron, akaiita mwongozo wa ofisi. Chef alipostaafu, Habimana akasema siku hizi nafasi haipewi mutu hivi hivi, lazima mutihani. Akatoa maswali makumi mbili mu huo mwongozo. Kwa Kiingereza, mu ordinateur, dakika makumi tatu.

Jack akapata kumi na nane. Mukabera akapata saba.

Alitoka akakaa karibu na ndoo yangu. "Ni daftari yangu," akasema. "Camion zenyewe nilizitambua. Nilikuwa bado nasoma swali, saa ikaisha."

Habimana akapita, akamwambia nchi inaendelea na sisi tuendelee nayo. Hata haya hakuona. Mi nilisikia kinyaa, chai ya saa ine ikanishinda kunywa. Punda afe, mzigo ufike, ndiyo sheria ya ile nyumba.

Siku ya kwanza ya Jack kuwa chef, camion ya simenti ikakwama barrière, karatasi mbili zinaonyesha uzito tofauti. Dereva akapiga simu asubuhi, akapiga tena saa sita. Jack akafungua mwongozo, maneno ilikuwamo lakini kazi yenyewe hakuijua, akaufunga. Akatoka mu bureau ya chef, akasimama mbele ya meza ya Mukabera.

"Mama Akaliza, ile ya uzito tofauti, tunafanyaje? Ilikuwa swali ya tisa."

Mukabera hakuinua kichwa. Alikuwa anapanga makaratasi ya mama wa vitunguu.

"Mi hiyo swali nilianguka," akasema. "Uliza mwenye alipita."