Nilitengeneza shortcut ya kurudufisha mistari, nikamshuku Mama Mbombo kuwa anaingiza watu hewa

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mahali nitakapoonekana mjinga, jueni hapo ndipo pa kweli zaidi. Kiswahili cha kwenu nilikiokota Tunduma enzi nikiwa kwenye malori, nikiteleza mnivumilie.

Nafanya kazi kwenye kooperative ya wachimbaji wadogo upande wa Mutoshi. Kazi yangu ni list. Mchimbaji akija, jina lake linaandikwa kwanza kwenye cahier, yaani daftari, anaweka dole gumba, halafu tunaliingiza kwenye kompyuta, anatolewa kadi.

Bila kadi huvuki barrière, lile geti la kuingilia mgodini. Usipovuka barrière hushuki shimoni, na nyumbani hawali.

Program yetu ya kuchapa kadi ni ya kizee, haitaki Excel. Inataka faili la text tupu, mtu mmoja mstari mmoja: jina, alikotoka, équipe, yaani kikosi chake. Basi.

Sasa wachimbaji huja kwa makundi. Leo kumi na wawili kutoka Kisenge, kesho tisa kutoka Sandoa. Unaandika "Sandoa, équipe 14" mara tisa mpaka vidole vinakufa ganzi.

Nikasema hapana. Nikafungua text editor, nikaingia kwenye settings za shortcuts, nikatafuta command ya kurudufisha mstari. Ilikuwa kwenye vitufe vitatu vya kubonyeza pamoja, utadhani unapiga gitaa. Nikaitoa huko, nikaiweka kwenye F2 peke yake.

Ukibonyeza F2, mstari unajinakili chini yake. Unabadilisha jina tu, unasonga mbele. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya saa moja, nikajiona injinia.

Nikamfundisha na Mama Mbombo. Huyu tunatumia meza moja na kompyuta moja: yeye anaandika asubuhi nikiwa barrière, mimi naandika mchana, kila mtu na cahier yake. Ni mama wa makamo, mpole. Asili yao Kasaï, babu yake aliletwa huku kufanya kazi mgodini, yeye amezaliwa hapa hapa, ila huku watu wa Kasaï bado wanaitwa wageni. Hilo la Kasaï litarudi, na halitanipa sifa.

"Mama, unakopia mustari, kisha unabadirisha tu kitu yenye haifanane," nikamwambia.

Akaelewa mara moja.

Wiki mbili baadaye nikaona mistari miwili imefuatana, inafanana kila kitu. Jina lile lile, mji ule ule, équipe ile ile. Nikasema bahati mbaya. Siku chache mbele, mingine. Mwisho wa mwezi ilikuwa imejirudia mitano.

Wakuu, mistari miwili ni kadi mbili. Kadi ya ziada unampa shemeji yako, anavuka kwa jina la mtu mwingine, na udongo ukimfukia hakuna anayejua ni nani. Watu hewa, kama mnavyosema huko kwenu.

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Moyo ukaenda moja kwa moja kwa Mama Mbombo.

Nikaanza kuona mambo. Simu yake anailaza kifudifudi. Nikiingia nakuta anaongea Tshiluba, lugha ya kwao Kasaï, nikaamini amebadilisha lugha ili nisielewe. Cahier yake anaifungia kwenye droo. Yangu pia naifungia kwenye droo, tena kwa ufunguo, ila hilo sikuliona la ajabu. Kuna dada yake alikuwa anamletea chakula, nikawa namchungulia viatu kama vina udongo wa shimoni!

Mtaniuliza, si ungeomba tu hiyo cahier ukaangalia? Kuomba ni kumshtua, ndivyo nilivyojiambia.

Badala yake nikatengeneza shortcut nyingine, F3: futa mistari yote inayojirudia, ubaki mmoja. Nikabonyeza, watu watano wakapotea, roho yangu ikatulia.

Halafu nikaenda kwa mkuu wa kooperative, tunamwita tata Président.

"Tata, kuko muntu anatia mu liste bantu benye habako."

"Leta preuve," akasema, yaani ushahidi. "Ukileta, namusimamisha kazi siku ileile."

Kadi zetu hubadilishwa rangi kila baada ya muda. Tulipochapa mpya kwa list ile niliyoipitisha F3, nikakaa barrière kuzigawa huku nangoja mtu hewa ajilete.

Akajileta. Mwanaume wa kama miaka hamsini, tochi kichwani, kadi ya zamani mkononi: Muteba Kalenga, Sandoa, équipe 14. Lakini kadi mpya ya Muteba Kalenga ilishachukuliwa asubuhi ile na kijana mmoja, na kijana alishashuka.

Mimi ni wa Sandoa. Yule baba alinisalimia kwa Kilunda chetu. Nikaona ananilainisha.

"Muteba Kalenga amekwisha kuingia," nikamwambia.

"Ule ni majina yangu," akajibu. Kwetu ndivyo tunavyomwita wajina. "Ni mutoto ya dada yangu. Balimupatiaka jina yangu yote. Mi njo nilimuleta huku."

Nikaichana kadi yake mbele ya foleni nzima. Walinzi wakamvua tochi, wakamkalisha chini nje ya kibanda chao, juani. Nikampigia tata Président: preuve imepatikana.

Alikaa pale mpaka alasiri, kijana alipopanda kutoka shimoni. Kijana alipomwona, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, vile Walunda tunavyomsalimia mkubwa.

"Majina," akamwambia, "banakufanya nini?"

Hapo nikaelewa. Kumpa mtoto jina zima la mjomba wake ni desturi yetu. Mimi mwenyewe natembea na jina la babu yangu. Mtu wa kwanza kulifikiria hilo nilipaswa kuwa mimi.

Nikakimbia ofisini. Nikamkuta Mama Mbombo amesimama, mkoba mkononi, tata Président ameshamwambia aende nyumbani. Nikamwomba cahier.

Akafungua droo, akanipa. Pembeni mwa majina manne alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Wako babili," yaani wako wawili. Na kila moja lilikuwa na alama mbili za dole gumba, moja kubwa, moja ndogo.

La tano halikuwemo kwenye cahier yake. Lilikuwa kwenye yangu, mara moja tu. Nilibonyeza F2, nikaitwa nje, nikasahau. Kadi yake ya ziada tuliikuta kwenye droo yangu, ile ya ufunguo, kati ya kadi ambazo wenyewe hawajazifuata. Kwa hesabu zangu mwenyewe, mwizi nilikuwa mimi.

"Ulinifundisha," Mama Mbombo akasema, "kopia mustari, badirisha kitu yenye haifanane. Pale kulikuwa nini ya kubadirisha?"

Akaichukua cahier yake, akaifunga.

"Na kama ningekuwa Mulunda mwenzako, ungeniuliza kwanza?"

Tata Président akaangalia chini. Mimi pia. Niliona aibu, wakuu, ambayo sijawahi kuiona maishani.

Mama Mbombo hakufukuzwa. F3 nimeifuta, na wale wajina wengine watatu nimewarudisha kwenye list. Kila mstari sasa una namba ya ukurasa wa cahier, wajina wasimezane. Kadi mpya ya Muteba Kalenga yule mkubwa nilimpelekea mimi mwenyewe, akaipokea kwa mikono miwili: "Merci, chef." Kwa Kilunda hakunisemesha tena.

Nilichojifunza: ukiona mistari miwili inafanana, tafuta kwanza watu wawili, ndipo utafute mwizi. Na kabla ya hapo jiulize kwa nini mwizi wako tayari ana kabila.

Wenye kutunza list za watu, wajina mnawatenganishaje? Na mtu uliyemshuku bure, unamrudishaje? Samahani nimemwomba mara mbili, zote amejibu "haina neno." Karibuni, hata wa kunisema nawasoma.

Maana Mama Mbombo hagusi tena F2. Jana walikuja tisa wa Sandoa, akawaandika wote herufi kwa herufi, "Sandoa, équipe 14" mara tisa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na sikuwa na uso wa kumwambia kuna njia fupi.