Chujio la Rhobi halikumuua

Jumapili, tarehe 9. Asubuhi mawingu mazito na manyunyu, jua limetoka saa nne.

Ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu. Leo naandika hapa mtandaoni, kwa sababu daftari langu halisomwi na mtu, na jambo hili lazima lisomwe.

Akili yangu bado inakataa. Sista Rhobi, muuguzi wetu, tumemzika kwao Susuni wiki iliyopita, na leo nimeshika simu mara mbili nimuulize kesho tunaondoka saa ngapi.

Mimi ni mtunza rejista tu. Miaka mitatu tumetembea pamoja kwenye outreach za chanjo upande wa Machochwe. Pikipiki ikiishia njiani, tunaendelea kwa miguu, mabegi mgongoni.

Safari ya kwanza nilibeba lita sita za maji. Rhobi alicheka hadi akakaa chini. "Mnyiramba wewe, umehama na kisima chenu cha Singida?"

Ndipo tukaenda kutafuta chujio la safari. Mimi nilitaka ule mrija wa kunyonyea, mwepesi, unaingia mfukoni. Huku boma la familia huitwa mji. Akaniuliza, "Tukifika kwenye mji wa watu, watoto watakuangalia ukinyonya lamboni kama ndama?"

Alichagua la kukamua. Lina mfuko wa maji machafu, na chujio lenyewe ni dogo kama ngumi. Kabla hatujatoka dukani alilijaribu kwenye chupa ya kawaida ya maji, likafunga sawasawa mdomoni. "Mfuko ukipasuka, chupa zipo kila mahali. Na hili linanywesha mji mzima."

Huku ukipewa maji kwenye mji wa mtu, huyakatai. Rhobi aliyapokea kwa mikono miwili, akayakamua mbele ya wote, na kikombe cha kwanza akampa mama mwenye mji. Sikuwahi kuona aliyenuna.

Kila alichofanya nilikiandika. Maji ya lambo, yaani bwawa la mifugo, yatulie kwanza kwenye ndoo, yapite kwenye kitambaa. Mfuko wa machafu usiguse kikombe. Jioni, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji safi kinyumenyume mpaka tope litoke.

Sasa kosa langu. Mwaka jana, siku moja kabla ya safari, Rhobi aliliosha chujio akaliacha mezani likidondosha maji. Nikalichukua nikaliweka kwenye friza la ice pack za chanjo. Nilidhani kitu cha afya hutunzwa baridi. Jamani!

Asubuhi alilitoa likiwa gumu kama jiwe. Hakunigombeza. "Ndani kuna virija vyembamba kama nywele. Maji yakiganda, vinapasuka."

"Lakini likiyeyuka maji yatatoka," nikasema.

"Yatatoka, tena kwa kasi, pamoja na vijidudu. Likiziba utaona. Likipasuka halikwambii kitu."

Akalikanyaga kwa kiatu likavunjika, ili asije mtu akaliokota. Safari ile yote tulichemsha maji, na tuliporudi akanunua jingine. Hakunywa hata tone kutoka lile lililoganda. Naomba mstari huo muusome mara mbili.

Kwa sababu msibani, nikilia, nilimwambia mwenzangu mmoja wa kazini, "Labda ni lile chujio nililoligandisha." Familia ilikuwa bado haijasema chochote. Sikuwa na akili. Maneno yakafika Machochwe kabla yangu.

Juzi Ijumaa nilikwenda follow-up Machochwe, kwa bibi mmoja, Mama Wankyo. Rhobi alimwachia chujio la aina hiyohiyo, likatumiwa na miji minne. Nililikuta limetundikwa nyuma ya zizi. Wajukuu wake wawili walikuwa wanakunywa maji ya lambo vilevile yalivyotekwa, na mmoja anaharisha tangu Jumatano.

"Shikamoo, mama. Chujio vipi huku nje?"

"Marahaba. Hilo limeua sista. Si wewe mwenyewe umesema?"

Nilitua begi chini.

Nikamweleza, na sasa nawaeleza ninyi kwa ruhusa ya kaka yake. Rhobi alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu akiwa shule. Alimeza dawa kila siku, akatuficha, asije supervisor akamtoa kwenye outreach. Daktari ameiambia familia kuwa ni moyo. Si maji, si chujio. Nilichosema msibani hakikuwa kweli, na nakifuta mbele yenu.

Mama Wankyo aliinuka. Alikwenda akalitungua, akaleta ndoo. "Basi lioshe, unywe wewe kwanza."

Hapo aibu nyingine ikanipata. Hatua zote nilikuwa nimeziandika, lakini mikono yangu haikuwahi kuzifanya. Bomba la sindano likaniponyoka, maji safi ya chupa yangu yakanirukia usoni.

"Hee! We mwandishi, lete hapa. Sista hakusukuma hivyo. Polepole, kama unamnywesha mtoto dawa."

Akasukuma. Tope likatoka. Akasukuma tena na tena hadi maji yakawa meupe, kisha akakamua kikombe akanipa. Nilikinywa chote. Mjukuu mgonjwa nikamkorogea ORS kwa lita nzima ya maji hayohayo, na Mama Wankyo akamshikia kikombe.

Nilipoaga aliniambia, "Nenda ukaseme. Msibani hukunong'ona."

Nimesema. Mlioyatupa machujio, Machochwe na kokote habari hii ilikofika, yarudisheni jikoni.

Rhobi, dada yangu, radhi nilichelewa kukuomba. Kesho naondoka bila wewe, saa kumi na mbili, begi mgongoni, na sijui nitaongea na nani njiani. Moyo wako ulichoka ukatuficha. Sasa usitufiche tena, lala tu, lala salama.

Saa nne na nusu usiku. Nimesoma tena yote, ni kweli tupu. Nazima taa.