Asubuhi Niliyoketi na Kinamama Chuoni

Naandika haya uso nimeufunika mtandio, ingawa chumbani nimo peke yangu, maana kila nikiikumbuka asubuhi ile ya usaili masikio hunipata moto, unaweza kuchomea mkate juu yake. Watu wa Sib wameshacheka, jirani zangu wa Amerat, huku huku Omani, wamecheka, na Unguja nasikia wamecheka mpaka wakataka niwahadithie upya kwa simu. Basi na nyinyi chekeni, ila mnisikilize hadi mwisho.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na sekondari nimeimaliza ukubwani kwa masomo ya jioni. Wenzangu wakitazama tamthilia, mimi nilikuwa nikizitazama hesabu za pembetatu (nazo zikinitazama kwa dharau). Nikafaulu kwa kishindo, wallahi nadhani hata aliyesahihisha alisimama akapiga makofi. Zikanijia nafasi mbili: moja chuo kikuu cha serikali, kikubwa kile ambacho hata ndege akitaka kukikatiza hupumzika njiani, na ya pili chuo kidogo cha wanawake upande wa Ansab, ambacho ukipiga chafya langoni, aliye chumba cha mwisho anakuombea rehema.

Mume wangu, Nassor, alitaka kikubwa. "Zuwena, ukitaja jina la chuo kile hata mwenye duka anakuinukia. Hicho kidogo, nikiulizwa mke wangu anasoma wapi, nianze kuwaelekeza watu njia?"

Nilikwenda kukitazama hicho kikubwa. Nikaingia ukumbi mmoja, nikaketi, nikasikiliza somo zima (lilikuwa la maradhi ya ng'ombe, sasa niulizeni lolote juu ya kwato), na hakuna aliyeniuliza mimi nani. Nikatoka, hakuna aliyeniuliza naenda wapi. Nyumbani nikasema chuo kizuri, majengo ya kifalme, lakini moyo ulikuwa umesinyaa kidogo na sikujua kwa nini.

Ikafika siku ya usaili wa chuo kidogo, ambao ndio unaothibitisha nafasi yao, na jioni ile ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kujibu nimechagua kipi. Sasa sikilizeni kosa langu, lilivyokuwa dogo: nilivaa kama naenda harusini. Abaya ya tarizi, dhahabu niliyoolewa nayo (nusu tu, yote ingenizuia kutembea), na udi nikajifukiza mpaka Nassor akashusha vioo vyote vya gari milima mizima ya Amerat. Nilitaka wajue kuwa hawaletewi mtu wa kuokota.

Msichana wa mapokezi aliponiona tu, akasimama. "Karibu mama, tafadhali huku." Akaniingiza chumba cha mazulia na mito, kina sinia za halua, tende, na dele la kahawa linatoa moshi wa iliki. Nami nimelelewa, jamani. Ukikaribishwa huanzi kusema shida yako mlangoni, unakaa, unatia tende mdomoni, unakunywa kahawa, unaulizwa khabari na unajibu njema hata kama nyumba inawaka moto. Shida baadaye. Basi nikanyamaza nikakaa.

Kutupa macho, chumba kizima wanawake wa rika langu, wengine wamenizidi, dhahabu zinawaka. Nikasema alhamdulillah, kumbe hawa ndio wanafunzi! Kumbe hiki ni chuo chetu sisi tuliochelewa!

Aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa Bi Salha, mtu wa Sib, Kiswahili chake cha Unguja kitupu. Nikamwuliza, "Ni masomo gani, shoga?"

"Uhasibu, inshallah. Lakini hisabati imetutesa nyumba nzima, bibi we, vilio tu."

"Hata kwangu! Mimi nililia mpaka mume wangu akanipa maji."

Akanitazama kwa huruma. "Basi wewe una imani sana, moyo wa huruma."

"Na ukiwa huku, nyumbani atapika nani?"

"Kwani nnalala hapa? Saa moja tu, kisha nnarudi zangu."

Saa moja kwa siku! Nikaona hiki si chuo, hiki ni pepo. Sikungoja hata kikombe cha pili. Nikachukua simu, nikawapelekea kundi zima la ukoo, mpaka wa Unguja, ujumbe wa sauti: "Nimechagua! Chuo cha wanawake! Hakuna mtoto hata mmoja, sote watu wazima, na halua juu!"

Haikupita dakika, mlango ukafunguliwa. Akaingia mkuu wa chuo, mama mfupi wa miwani, na nyuma yake nikaona wasichana wamejipanga kwenye viti, wadogo kama binti yangu wa mwisho, kila mmoja kabana faili kifuani. Nikakirudisha kipande cha halua siniani.

"Samahanini kinamama," akasema. "Kuna msichana mmoja zamu yake imefika na haonekani. Mama yake Zuwena yuko hapa?"

Kinamama wakatazamana.

"Tumemtafuta mpaka msalani. Tukimkosa, itabidi nafasi apewe mwengine."

"Maskini," Bi Salha akasema, "watoto wa siku hizi, atakuwa kajificha na simu yake."

Nikasimama, tende ingali mkononi. "Mama yake Zuwena ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Zuwena ni mimi."

Chumba kikalipuka. Bi Salha alicheka mpaka mtandio ukamvuka kichwani. "Yaani aliyekuwa akililia hisabati ni wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Akaacha kucheka. Akanitazama juu hadi chini, kisha akapiga kigelegele, wallahi, na kinamama wote wakamwitikia, nikaingizwa kwenye usaili kama bibi harusi, wasichana wamekaa midomo wazi. Nilijibu maswali yote. Lile la hesabu nililijibu mara mbili, wasije wakadhani nimebahatisha, na nafasi ikathibitishwa pale pale.

Nje nikamkuta Nassor na simu sikioni, anausikiliza ujumbe wangu. "Watu wazima wenzako wako wapi? Nimewaona watoto watupu wakitoka! Jioni haijafika, rudi kwenye kikubwa."

"Nassor, kule nilikaa somo zima, hakuna aliyejua nimo. Hapa nimekosekana muda wa kikombe kimoja cha kahawa, mkuu mwenyewe kanitafuta hadi msalani. Nabaki hapa."

Akawasha gari. "Kaa. Ila watu wa Unguja utawaeleza mwenyewe."

Tangu siku ile nimeapa: nikiingia pahala, kwanza nasema mimi nani na nimefuata nini, kahawa baadaye, wacha wanione sina adabu. Na darasani mwalimu akiita jina langu, naitika kwa sauti ambayo hata waliosinzia chumba cha pili huamka.