Soja wa Kisauni aliyeapa kwenye mchezo

Kipenga kinalia, na cherehani za kiwanda cha nguo hapa Kisauni zinanyamaza moja baada ya nyingine. Wanawake wanatoka wakijipangusa nyuzi mabegani, wanajipanga mbele ya geti dogo, mikono juu. Kafedha Ziro anaanza kazi yake: kwapa, kiuno, mkunjo wa leso, mfuko.

"Pita, dadangu. Pita, mama."

Zamani walikuwa wakimtania kwamba mikono yake ina baridi, aolewe na muuza barafu. Siku hizi wanapekuliwa huku macho yao yako barabara ya Malindi, kana kwamba wameguswa na mlingoti.

Kafedha, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, yuko katika mwaka wake wa sita wa usoja, kazi ya kulinda geti. Mshahara wake unaishia kwenye kodi ya chumba Mtopanga na karo ya binti yake. Si mlevi, si mmbea. Kosa lake, ukiwauliza wanaomjua, ni kwamba aliapa kwenye mchezo, kisha akakishika kiapo.

Mchezo wenyewe huchezwa Jumapili baada ya ibada, ndani ya kibanda cha Ronny, fundi wa simu wa Frere Town aliyekuja pwani kutoka Kakamega. Hauna ubao wala karata. Ronny husimulia nchi isiyokuwepo, yenye majini na ngome, na kila mchezaji huwa mtu ndani ya hadithi hiyo. Husema anachofanya, hurusha dadu, na dadu huamua kama ameweza.

Kabla ya yote, mtu huchagua mwelekeo wa mtu wake.

"Mizani ni mbili," Ronny anaeleza, bisibisi mkononi. "Ya kwanza inauliza: wewe ni mwema au mwovu? Ya pili: ni mtu wa sheria au mkaidi? Na katika kila mizani wapo waliosimama katikati. Changanya hizo, upate watu wa aina tisa. Kuna mwovu anayefuata sheria. Huyo unamjua, ana ofisi. Kuna mkaidi mwenye roho nzuri, anayevunja kufuli ili mtoto mwenye njaa ale."

Mkaidi mwema alikuwa Lavender, mshonaji wa kiwandani na rafiki wa Kafedha, ndiye aliyemleta mchezoni. Kafedha yeye alichagua mtu ambaye wengine humkimbia: paladini.

Paladini ni askari wa kiapo. Kwa kanuni za zamani, na Ronny hafuati nyingine, sharti awe mwema na awe mtu wa sheria, vyote kwa pamoja. Akidumu hivyo, mikono yake huponya majeraha na uovu huunusa kabla haujabisha hodi. Akifanya uovu kwa kusudi, nguvu zote humtoka, akabaki mtu na upanga wake.

"Hakuna anayemtaka," anasema Jafar, mwendesha bodaboda, mchezaji wa nne. "Ni kama kusafiri na kadhi. Wallahi, hata kuku wa jini huwezi kuiba, anakutazama tu."

Siku ya kwanza Ronny alimwambia Kafedha amtungie paladini wake kiapo. Wengine walitarajia aseme maneno mawili matatu, wacheke, dadu zirushwe. Kafedha alisimama, akavua viatu.

"Nimelelewa na hawe, bibi yangu, kule Ganze," anasema. "Kwetu kiapo hakina mchezo. Watu wamekufa kwa kiapo. Kikishatoka mdomoni hukiambii rudi, nilikuwa natania."

Akaapa: hatasema uongo, hatavunja sheria ya nyumba anayoilinda, hatamwacha mnyonge. Aliapa kwa jina lake mwenyewe, la paladini hakulitaja. Jafar akaacha kucheka. Lavender akasema, "Mwenzenu ameapa kweli huyu. Tumekwisha."

Muda si muda ikafika jioni moja ya upekuzi getini. Vidole vya Kafedha vilipofika kiunoni mwa Lavender, chini ya leso, vilikuta kitambaa kilichokunjwa. Mama yake Lavender amepatwa na kiharusi, yuko kitandani, hawezi kuzuia haja. Lavender alikuwa akiokota matambara yanayobaki baada ya kukata nguo ili amfunge nepi. Matambara hayo kiwanda huyachoma nyuma ya ukuta kila Ijumaa, na soja wa geti, Kafedha mwenyewe, huusimamia moto.

"Kafedha, ni ya mama," Lavender alimnong'oneza. "Nipitishe."

Sheria ya kiwanda ni kwamba hakitoki kitu, hata uzi. Kafedha akamwita supavaiza.

Supavaiza huyo ni Erastus. Kesho yake Lavender hakuwa na kazi.

"Sikukosea," Kafedha anasema, akiikunja kofia ya sare magotini. "Hilo ndilo linaniuma. Ningekosea, ningetubu, yakaisha. Mimi nilifanya nilichoapa."

Jumapili iliyofuata alikwenda kibandani kama kawaida. Kiti cha Lavender kilikuwa kitupu. Ronny alipoanza hadithi, paladini alitaka kumponya msafiri aliyejeruhiwa, akanyoosha mkono kuchukua dadu. Ronny akaifunika kwa kiganja.

"Usirushe. Nguvu zimekutoka."

"Kwa lipi? Mchezoni sijafanya kitu."

"Hukuapa kwa jina la paladini. Uliapa kwa jina lako."

Jafar akamtetea. "Ronny, dada alikuwa kazini. Si ulisema paladini ni mtu wa sheria?"

"Nilisema sheria na wema. Vikigongana, paladini hushika wema, halafu hujitokeza mwenyewe alipe gharama ya sheria. Yeye gharama amemlipisha mwenziwe."

Kafedha aliondoka bila kuaga. Anakumbuka kwamba alitembea hadi Mtopanga akimtukana Ronny moyoni, na kwamba alipofika mlangoni pake matusi yalikuwa yamemwishia.

Katika mchezo, paladini aliyeanguka huweza kurejea, ila haitoshi kusema pole. Sharti amwendee aliyemuumiza na kutengeneza alichokiharibu, kwa hasara yake mwenyewe. Kafedha akabeba shuka zake mbili kuukuu za kukatia nepi, akaenda kwa Lavender.

Lavender alikuwa uani, anafua. Hakumkaribisha. Alinyoosha mikono juu, povu likimtiririka hadi viwikoni.

"Umekuja kunisachi? Anza."

"Nimemletea mama shuka."

"Mama ana nepi. Niliuza sidiria zangu kwa muuza mtumba, nikamnunulia." Akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na raha. "Paladini wangu. Rudi kwa Erastus, akupake mafuta ya utakatifu."

Shuka Kafedha aliziacha kwenye kamba ya kuanikia. Hajui kama zilitumika au zilitupwa.

Lavender amepeleka malalamiko ofisi ya kazi. Kiwanda kinadai alikamatwa na kitambaa kipya, mali ya kuuzwa, na kwamba shahidi wake ni soja aliyemshika. Erastus amemwita Kafedha mara mbili. Mara ya kwanza alimpa soda. Mara ya pili alimwambia wanawake wanaotaka kazi ya getini wamejaa nje, hata leo jioni angepata wa kumvalisha ile sare. Mwandishi alipomuuliza Erastus, alisema hana la kuzungumza na magazeti.

Kikao cha ofisi ya kazi ni Jumatatu. Kafedha ameshazungumza na dada yake wa Bamburi, anayekaanga viazi karai, amwekee nafasi kwenye meza yake ya biashara. Amemwambia pia binti yake kwamba huenda akabadilisha shule. Mtoto akauliza kama ile mpya ina bembea. Hapo tu, katika mazungumzo yetu yote, Kafedha alitabasamu.

Lavender hajui shahidi wa kiwanda atasema nini, na Kafedha hakutaka kumtumia ujumbe. Anasema ujumbe utakuwa kama kuomba msamaha kwa mkopo, na huenda Lavender asimsamehe hata akirudishiwa cherehani yake. Hilo amelikubali. Anachotumaini ni mama yule abadilishwe kwa wakati, na Lavender awe na mshahara wa kununulia nepi za dukani.

"Nitasema yalikuwa matambara," anasema. "Na nitasema nilijua ni matambara kabla sijamwita Erastus."